Mbea Juu ya Pampu ya Kahawia

2 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujauliza, sote wazima. Shemeji yako mzima, bado anapiga rangi magari ya watu, wiki hii ni la zambarau, na bado sisi tunakwenda kwa miguu. Wifi zangu wazima kupita kiasi, sauti zao zinaingia sebuleni kabla ya viatu vyao. Mimi ni yule yule wa dirisha la pili, posta, nauza stempu kwa watu wanaonishangaa kwamba stempu bado zipo. Wewe uko juu huko mlimani kwenye bwawa lisiloisha kujengwa, simu haishiki, unawapikia wachimbaji, na nashukuru Mungu kwa hilo, maana nikiacha barua zife nitakula nini?

Sasa weka kijiko chini, nina habari. Mpwa wako Chiriku amechaguliwa bendi ya shule! Tarumbeta, kaka! Miaka tisa, mdomo haufungi tangu azaliwe, na sasa amepata kitu cha kuuingizia. Alirudi nyumbani anakimbia, amekumbatia lile tarumbeta la shule, limebonyea upande, na akapuliza sauti moja mlangoni mpaka jirani akazima redio kusikiliza ni nini. Mwezi wa sita kuna mashindano ya bendi za shule zote za mji. Hajalala vizuri kwa furaha tangu siku hiyo, na mimi pia.

Ila kuna kipingamizi. Mwalimu wa muziki hataki kumruhusu kupanda jukwaani bila karatasi ya daktari, kwa sababu ya pumu. Ana haki. Daktari naye ameudhika, kwa sababu Chiriku ana mwaka mzima anatumia ile pampu ya kahawia, ya kila siku, ya kuzuia, na bado kifua kinapiga filimbi na bado tunaikimbilia ile ya bluu ya kuokoa. Akaniambia, "Mama, nataka kujua jambo moja. Dawa imeshindwa, au dawa haijafika?" Nikamwambia dawa inafika, baba yake anasimamia kila asubuhi na kila jioni. Akasema anatuamini, lakini kuna kifaa kipya.

Basi wametupa kadude ka ajabu. Kanavalishwa juu ya pampu kama kofia. Kila pampu ikibonyezwa, kanakumbuka, na kanapeleka habari kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya nesi kliniki. Wakati wa dawa ukifika kanawaka taa nyekundu. Ukishabonyeza mara mbili, kama alivyoandikiwa, taa inakuwa kijani na kanalia mlio mdogo wa kufurahi. Nesi alimwambia Chiriku, "Ukiona kijani, umemaliza kazi." Chiriku akauliza, "Kwa hiyo kanasema mambo yangu kwako?" Nesi akacheka, akasema ndiyo. Tangu hapo jina lake ni Mbea. "Mama, Mbea ameamka!" "Mama, Mbea ana njaa!" Nyumba nzima tunamtumikia Mbea.

Daktari amesema hivi: katikati ya Aprili atamwangalia. Mbea akisema dawa inatumika na kifua bado kibaya, basi dawa ile haimtoshi. Ataanza sindano za kila mwezi hospitali kubwa, na tarumbeta mwaka huu basi. Sitaki hata kufikiria uso wa mtoto.

Mkubwa wa wifi zangu alikuja Jumapili na wimbo wake wa siku zote, kwamba pumu hii imetoka kwetu. Nilimjibu mbele ya wageni: kwetu hakuna pumu! Kaka yangu yuko mlimani kwenye baridi na moshi wa kuni, anapikia kambi nzima, na kifua chake ni ngoma! Alinywea kabisa. Laiti ungekuwapo uone.

Dada yako


1 Machi

Mdogo wangu wa dirisha la pili,

Marahaba. Barua yako imefika chini ya mifuko ya saruji, inanuka dizeli, lakini imefika. Huku tuko salama. Mvua imeanza mapema, barabara imekuwa uji, na maharage ya safari hii ni magumu hata wachimbaji wanayaheshimu.

Tarumbeta! Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti jikoni, na watu wazima wenye nyundo mikononi wakapiga makofi kwa mtoto wasiyemjua. Mmoja alikuwa na machozi. Alisema ni vitunguu, lakini vitunguu siku hiyo sikukata. Mwambie Chiriku ana mashabiki kambi nzima, na tunataka ushindi au tutateremka wenyewe kuwahoji majaji.

Kuhusu huyo Mbea, nilikuwa na wasiwasi kidogo. Mimi ni mpishi. Mpishi akiwa na mtu anamwangalia begani hupika kwa ajili ya yule anayemwangalia, hapiki tena kwa ajili ya mlaji. Lakini kama Mbea ndiye atakayempatia mwanangu jukwaa, basi mpe kiti na chai, mkaribishe kama mgeni.

Naomba unieleze mnavyofanya, moja baada ya jingine, kama mtu anayemfundisha mwenzake kupika wali. Anaitikisa? Anatoa pumzi yote nje kwanza? Anavuta polepole au anavuta kama mtu aliyeshtuka? Anazuia pumzi baada yake? Anasukutua mdomo? Usiniulize kwa nini. Mjomba ni mama, na mama huuliza.

Msalimie shemeji, mwambie nadai picha ya gari alilolipiga rangi ya zambarau. Busu shavu la Chiriku, yote mawili.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Shikamoo tena na tena. Tu wazima, jua kali, posta imeletewa feni mpya na imekuja bila plagi. Picha ya gari la zambarau nimeiweka ndani. Mwenye gari amelikataa, anasema aliomba rangi ya biringani na hii ni ya zabibu. Shemeji yako hajacheka mpaka leo.

Umejibu kila kitu isipokuwa habari ya wifi yangu. Nilidhani utanisifu.

Kaka, sisi ni mabingwa! Mbea ametutangaza! Nesi alifungua kompyuta yake, na pale panapoonyesha siku zote palikuwa kijani juu mpaka chini, kama kiwanja cha mpira. Hakuna asubuhi tuliyoruka, hakuna jioni. Nesi alisimama kwenye chumba cha kusubiria akawaambia wazazi wenzetu, "Mkitaka kuona familia inayojua kutunza mtoto, itazameni hii." Shemeji yako alivimba kichwa mpaka nikaogopa mlango hautamtosha. Tangu siku hiyo anatembea kama aliyevalishwa kilemba.

Umetaka nikueleze, basi haya. Asubuhi, kabla shemeji yako hajavaa ovaroli yake, wanasimama wawili varandani, baba na mwana, kama mafundi wanaokabidhiana kazi. Chiriku anaitikisa pampu kwa nguvu. Kisha wanaifungua koo. Hiyo ni elimu ya karakana: shemeji yako hawezi kuelekeza bunduki yake ya rangi kwenye gari bila kwanza kuifyatua hewani mara mbili, kutoa kilichoganda mdomoni mwake, na alimfundisha mtoto hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Fyu! Fyu! Varanda yote inanuka dawa. Taa inakuwa kijani, Mbea anaimba, wanapigana viganja, na Chiriku anakimbia kusukutua mdomo kwa maji ya chumvi, anasukutua kuliko anavyopiga mswaki. Tangu Mbea aje hatuna kubishana hata dakika moja. Zamani nilikuwa nikigomba kwamba pampu inaisha kabla ya mwezi kufika nusu, sasa inafika mwisho wa mwezi vizuri kabisa. Mbea ametufundisha hata kubana matumizi.

Sasa nikwambie lililonitoa usingizi. Kifua hakijapona. Naona kama kimezidi. Ijumaa kwenye mazoezi ya bendi alishindwa katikati ya wimbo, akakaa chini pembeni ya ngoma kubwa, midomo imebadilika rangi. Mwalimu alimpa ile ya bluu na akanipigia simu nikaacha foleni ya watu dirishani nikakimbia. Nilipofika alikuwa ameshatulia, ananiambia, "Mama usimwambie Mbea."

Lakini Mbea hana la kusema, kaka. Mbea anasema kila kitu ni kijani. Kwa hiyo ndiyo hivyo, dawa imeshindwa. Daktari ametupa siku, tarehe 15 Aprili, ili sindano zianze. Chiriku hajalia. Amelisugua tu lile tarumbeta kwa kitambaa mpaka bonyeo linang'aa. Afadhali angelia.

Na wewe ulijuaje mambo ya kutoa pumzi nje kwanza na kuzuia ndani? Mhandisi mmoja wa bwawa alipita posta kutuma kifurushi, nikamuulizia mpishi wao. Akasema, "Yule mwenye kikohozi?" Nikamwambia amekosea mtu. Ni moshi wa kuni, sivyo?

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Salamu utazikuta chini. Barua yako imefika leo, saa hii, kwa sababu mlima umeporomoka juu ya barabara na magunia ya barua yalikwama upande wa pili. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka kuhusu biringani. Nimeisoma mara ya pili nikaacha sufuria iungue.

Sikiliza vizuri. Anaifungua koo mara mbili hewani. Taa inawaka kijani ikibonyezwa mara mbili. Anaona kijani, anapiga kiganja, anakwenda kusukutua. Dada yangu, anavuta saa ngapi?

Zamani, kabla ya Mbea, alikuwa akifyatua mbili hewani kisha anavuta mbili, ndiyo maana pampu ilikuwa inaisha nusu ya mwezi na kifua kikabaki bila dawa mpaka mpate nyingine. Sasa anafyatua mbili, kijani kinamwambia umemaliza, na yeye ni mtoto mtiifu, anamaliza. Dawa yote imevutwa na varanda! Varanda yenu ndiyo isiyo na pumu mji mzima!

Usikubali sindano kabla nesi hajamwona akifanya mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kwa pampu yake na Mbea wake juu. Na usimgombeze mtoto. Wala shemeji. Kila mtu ametumia ufundi wake kwa moyo wote. Pampu ikitumika kila siku haihitaji kufyatuliwa hewani. Ni mpya tu, au iliyokaa siku nyingi bila kuguswa.

Utauliza najuaje. Najua kwa sababu ninayo. Ya kahawia vilevile, iko ndani ya kopo la chumvi jikoni, mwaka wa nne huu. Mganga wa kambi alinifundisha mpaka nikachoka, toa nje yote, vuta taratibu, zuia, sukutua. Wewe ulikuwa umeshajitapa kwa wifi zako kwamba kwetu hakuna pumu, na kila nikishika kalamu nikuambie nakuona umesimama mbele yao huna pa kuweka uso. Nikanyamaza. Mwaka ukawa miaka. Basi, leo imetoka, na wakucheke watakavyo, mradi mtoto apulize.

Barabara haipitiki. Dereva wetu, yule tunayemwita Breki, atavuka maporomoko kwa miguu na kupanda gari upande wa pili. Nimempa barua hii mkononi na anwani ya nyumba yako, sikuitia posta. Nisamehe, najua ni kumpita mwajiri wako. Nimemwambia asiporudi na jibu nitamnyima nyama mwezi mzima, na Breki ni mtu wa nyama.

Sasa salamu: hamjambo nyote? Mimi sijambo. Iliyoungua ni sufuria tu.

Kaka yako


17 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na nikikuona nitakupiga, kisha nitakukumbatia, kisha nitakupiga tena.

Breki alifika tarehe 14 jioni, tope mpaka magotini, amebeba bahasha ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya kofia. Aligonga kama askari. Nilidhani umekufa, kaka. Nilimtazama yule mtu na tope lake. Akasema, "Mama, soma kwanza, mimi nipe maji." Niliisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika kwenye "anavuta saa ngapi" nilipiga yowe hata jirani akazima redio yake tena.

Nikamwita Chiriku. Nikajikaza, sauti tamu kama asali. "Mwanangu, hebu nionyeshe unavyomlisha Mbea." Mimi asubuhi huwa nimeshatoka kuwahi posta, jioni niko jikoni. Nimeisikia ile fyu fyu miezi yote na sijawahi kuitazama! Akaitikisa. Akanyoosha mkono kama baba yake mbele ya gari. Fyu, fyu. Kijani. Mbea akaimba. Akanyanyua kiganja nimpige.

"Na kuvuta?" nikamuuliza.

"Kuvuta ni zamani," akasema. "Siku hizi nesi amesema ukiona kijani umemaliza."

Shemeji yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Niligeuka nikamwona ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akakaa chini pale pale sakafuni na ovaroli yake. "Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema. "Mimi ndiye nimemnyima mtoto dawa." Nilikuwa na maneno makali tayari, kaka, yamepangwa foleni, lakini Chiriku alimkimbilia akamshika shingo. "Baba, bunduki yako haijaziba hata siku moja, si unaona?" Nikacheka, nikalia, nikamkaribisha Breki chakula, na nyama nilimpa mimi. Usimnyime kitu.

Asubuhi yake tulikuwa wa kwanza mlangoni kliniki. Nilimwambia nesi, "Kabla daktari hajasema neno, mtazame mtoto." Akamtazama. Alishika mdomo. Mwanzoni alimfundisha kwa pampu tupu ya mafunzo isiyo na taa, na Chiriku alivuta vizuri, hivyo hakuwa na sababu ya kushuku. Lakini hakujitetea. Alisema, "Kifaa hiki kinaona kidole tu. Kifua hakikioni. Kazi ya kuona kifua ilikuwa yangu." Nikamwambia, na yangu pia. Alikuwa karibu kulia, nikamshika mkono.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatulia, akafunga lile faili la sindano. "Sasa nimejibiwa," akasema. "Dawa haijashindwa. Dawa haijafika." Ametupa mpaka mwanzo wa Juni. Wametupatia na chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, pampu inachomekwa upande mmoja, mdomo upande mwingine, ili hata mtu akiwa mpiga rangi dawa isiwe na pa kukimbilia. Mbea anabaki, lakini sasa mtu mzima anamtazama mtoto, si taa. Kifua kikitulia, daktari atasaini. Kisipotulia, hatasaini, na hatabembelezwa. Amesema hivyo waziwazi na mimi nimemuelewa. Nimekaa roho juu, kaka, lakini ni roho juu ya furaha!

Sasa wewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka minne! Ndani ya kopo la chumvi! Ulidhani nauthamini uso wangu mbele ya wifi kuliko mapafu yako? Nimekasirika hata mwandiko wangu unapanda mlima, angalia. Ungezimia huko juu, mimi ningepata habari kwa nani, kwa mfuko wa saruji?

Jumapili wifi mkubwa alikuja. Sikumngoja aanze. Nilimwambia, "Wifi, ulikuwa na haki, pumu iko kwetu, kaka yangu anayo." Nilijiandaa kupigwa. Akatazama chini, akafungua mkoba wake, akatoa pampu ya bluu. "Na hii ni rangi ya mdomo?" akasema. Kaka! Alikuwa nayo muda wote! Aliogopa tutasema imetoka kwao! Tumecheka mpaka chai ikapoa, na alipoondoka Chiriku alimfundisha kuvuta.

Jibu upesi. Na mwambie mkuu wa kambi. Ni amri ya mdogo wako.

Dada yako


12 Mei

Dada yangu,

Nimetii. Nilimwendea mkuu wa kambi na kofia mkononi, nikijua atanishusha mlimani. Alinisikiliza, akauliza kama wali wa siku ile ulikuwa wangu, nikasema ndiyo. Akaagiza jiko la gesi. Ndivyo tu! Miaka minne nimevuta moshi kwa kuogopa mazungumzo ya dakika tatu. Sasa jikoni hakuna kuni, na wachimbaji wanalalamika kwamba chakula kimepoteza ladha ya moshi. Kopo la chumvi lina chumvi.

Nacheka sasa, lakini nilikuwa naogopa, na wewe ndiye peke yako ninayeweza kukuandikia hivyo. Niliogopa usiwe na mtu mzima wa kumtegemea. Ulikuwa ukisema kaka yangu kifua chake ni ngoma, na mimi nilipenda kuwa ngoma.

Barabara imefunguka. Hujaniambia kifua cha Chiriku kinaendeleaje, na barua yako ina karibu mwezi. Wachimbaji wananiuliza kila nikigawa chakula. Kama habari ni mbaya niandikie hivyo hivyo, usinifanyie nilivyokufanyia. Nimeomba likizo kwa ajili ya mashindano, nimenyimwa, zege linamwagwa wiki hiyo na watu watakula mara nne kwa siku. Kwa hiyo wewe ndiwe masikio yangu.

Shemeji mwambie asijilaumu. Mtoto aliyefundishwa na baba yake kufanya jambo kwa makini ana bahati, hata jambo lenyewe likiwa la gari.

Kaka yako


22 Juni

Kaka, kaka, kaka!

Shikamoo, sote wazima, feni ya posta imepata plagi, basi salamu zimetosha!

Sikuandika mwezi wa tano kwa sababu niliogopa kuharibu. Kila nikitaka kukuambia kwamba kifua kinanyamaza naogopa kitasikia. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili Chiriku alipanda ngazi za posta mpaka ghorofa ya juu kuniletea mwamvuli, akaanza kuongea alipofika, bila kupumzika, na mimi nikasahau mwamvuli. Wiki zilizofuata ile ya bluu ilikaa mkobani mpaka nikalazimika kuikagua kama bado ni nzima. Siku ya daktari alimpulizisha kwenye mashine yao, mara tatu. Akatazama namba, akamtazama Chiriku, akatoa kalamu. Shemeji yako alimwomba daktari asaini kwa herufi kubwa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki, mafeni yanazunguka, watoto wa shule zote wamevaa sare zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Wifi wote walikuja. Nesi naye alikuja! Aliacha zamu yake kwa mwenzake, akakaa kiti cha pembeni yangu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Shemeji yako hakuweza kukaa, alisimama nyuma kabisa ukutani.

Wakaingia. Chiriku mstari wa mbele, mdogo kuliko wote, tarumbeta limeegemea begani. Mwalimu akanyanyua mikono. Ngoma zikaanza, zikafuata filimbi, na kisha ikafika sehemu yake, kaka, sehemu ambayo wengine wote wananyamaza na tarumbeta linabaki peke yake. Alinyanyua mabega, akavuta pumzi, akapuliza. Sauti ikatoka safi, ikapanda, ikakaa huko juu, ikakaa tu, haikutetemeka. Watu waliokuwa wanapepea magazeti waliacha kupepea. Nesi alinishika paja akanifinya mpaka leo nina alama.

Tumekuwa wa pili. Wa kwanza ni shule yenye ngoma kubwa kuliko zetu, na wachimbaji wako wasiteremke kumhoji mtu, majaji walikuwa na haki. Chiriku amesema mwakani. Amesema hivyo kama mtu anayejua kwamba mwakani yupo.

Lakini si hilo ninalotaka kukuambia. Umesema mimi ni masikio yako, basi nikuambie yalivyofanya. Unajua tangu azaliwe mtoto huyu mimi simsikii anachosema, nasikia nyuma yake. Akinisimulia shule, nasikiliza kifua. Akicheka, nasikiliza kifua. Akilala, nasogeza kichwa mlangoni kwake. Watu husema mtoto wako mcheshi, nami naitikia, kumbe utani wenyewe sikuusikia, nilikuwa nahesabu pumzi. Ni miaka tisa, kaka.

Jumamosi pale ukumbini wimbo ulikuwa umeshaisha, watu wamesimama wanapiga makofi, na mimi nimesimama nao, machozi yananitoka, nalilia ule uzuri. Hapo ndipo niligundua kwamba kifua chake sikukisikiliza hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza muziki.

Ni mimi,
mama wa mpiga tarumbeta